Chumba cha Mbele

Accra
6 Februari 1994

Mjomba,

Naandika nikiwa nimeshiba kenkey na samaki, kwa hiyo usiseme naandika kwa njaa nikitaka kitu. Ninataka kitu, lakini si cha kula.

Mwaka huu katika masomo yetu ya ustawi wa jamii tunafundishwa kuchora ukoo. Si ule mti wa kuning'iniza ukutani. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, ndoa ni mstari, watoto wananing'inia chini yake. Waliopatana unawaunganisha kwa mistari miwili, waliogombana unaweka mstari wa vipindapinda. Usipomjua mzazi wa mtu unaweka mstari uliokatika. Mwalimu wetu, Bi. Lamptey, anasema huwezi kumsaidia mtu na matatizo yake kama hujaona nyumba aliyotoka, na huwezi kuiona nyumba ya mwenzako kama hujaichora yako. Basi kila mmoja wetu anachora kwao, mpaka vizazi vinne.

Kwetu upande wa mama nimefika vizuri. Wewe na mama, juu yenu marehemu Nana Pomaa, juu yake Nana Birago. Upande wa pili wa nyumba ni Mjomba Adomako, juu yake Nana Tiwaa, juu yake Nana Nyarko. Nimekwama hapo. Kila mtu anasema Birago na Nyarko walikuwa ndugu, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunisimulia walivyozaliwa. Nani mkubwa? Nani aliwazaa? Mbona Nana Tiwaa ukimuuliza habari za mama yake anakutuma maji?

Usinifiche, Mjomba. Mficha uchi hazai.

Nimesikia pia kigoda cha uchifu wa Nkwantapa bado kiko wazi, na wazee wanavutana kati ya kaka Barima na Mjomba Adomako. Mimi namwombea kaka. Msalimie mama, umwambie kikohozi changu kimepona.

Mpwa wako,
Frema


Nkwantapa
21 Februari 1994

Frema, mpwa wangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa lori la mbao, imekunjwa kama kitambaa cha pua. Sisi wazima. Mama yako anakohoa sasa, nadhani ulimtumia kikohozi chako ndani ya bahasha. Kakao msimu huu imeoza kwa mvua, hilo nalo ulichore.

Maswali yako nayajibu yote kwa pamoja. Birago na Nyarko ni watoto wa Nana Akyaa. Mama mmoja, tumbo moja, nyumba moja. Weka duara moja juu, maduara mawili chini, mistari mizima, umpe mwalimu wako akupe alama zako ulale.

Wewe umezaliwa Asante na unajua sheria tuliyoachiwa: mtu hamwonyeshi mwenzake alikotoka. Sheria hiyo haikutungwa kwa mchezo. Nchi hii ilijengwa na watu waliokuja kwa njia nyingi, wengine kwa miguu yao na wengine kwa kamba. Kama kila mtu angeulizwa, tusingekuwa na nyumba hata moja ya kulala. Unasema mficha uchi hazai. Na anayeuanika hadharani, huyo huzaa nini?

Nana Tiwaa usimuulize tena. Ni mama yetu mdogo, ni mzee, mwache aote moto wake.

Habari za kigoda ni kweli. Waliniuliza mimi kwanza, nikawaambia goti langu haliwezi kukaa chini na kuinuka mbele za watu siku nzima. Kaka yako akaruka mbele kabla sijamaliza kulisugua. Wazee watamchagua Adomako, ni mtu mzima na mtulivu, na Barima atarudi kwenye duka lake la vipuri pale Suame, Kumasi, bila mtu kuumia. Hivyo ndivyo mambo yanavyotakiwa kwenda.

Mjomba wako,
Boadu


Accra
13 Machi 1994

Kaka Barima,

Chifu mtarajiwa, shikamoo. Siku ukikaa huko juu usisahau nani alikuwa anakufulia soksi.

Nina kitu cha kukuchekesha. Nilimwandikia Mjomba kuhusu ule mchoro wangu, akanijibu kwa mafumbo na sheria za mababu, na mwisho akanikataza kuuliza. Mtu hakukatazi mlango wa chumba kitupu. Nikatumia nilichofundishwa. Bi. Lamptey anasema mdomo wa watu unaweza kudanganya, kwa hiyo tazama nyumba: nani anatajwa kwanza, nani analala wapi, nani hana hadithi.

Sasa fikiria nyumba yetu. Kinywaji kinapomiminwa chini kwa ajili ya wazee waliotangulia, wanaanza na Nana Birago wetu, halafu ndiyo Nana Nyarko, siku zote. Sisi tuna chumba cha mbele, chenye veranda na mlango wa kuchongwa. Upande wa Nana Tiwaa wanalala nyuma, ukuta mmoja na jiko, tangu enzi za mama yake. Kwenye misiba sisi tunapokea wageni, wao wanatwanga fufu. Na Nana Nyarko hana hadithi hata moja ya utoto wake. Birago angalau tunajua alikuwa akiimba.

Umeona? Nyarko hakuwa ndugu. Nyarko alinunuliwa. Aliletwa kutoka kaskazini, akapewa jina na sehemu ya kulala karibu na kuni. Nimeweka mstari uliokatika juu yake. Nilipoeleza darasani, Bi. Lamptey alisema hajapata kuona mwanafunzi anayesoma nyumba namna hiyo. Nimepata alama za juu kuliko wote.

Nakutumia nakala uone kazi ya dada yako. Nimeandika pembeni maelezo yote kwa herufi safi. Usimwonyeshe mtu, tafadhali. Ingawa, tukisema ukweli, mtu wa namna hiyo si ndiye asiyeruhusiwa hata kukigusa kigoda? Haya, mimi sijasema kitu.

Dada yako,
Frema


Kumasi
2 Aprili 1994

Frema dada,

Umesoma kwa faida, wewe! Wengine wanakwenda Accra wanarudi na viatu virefu tu.

Ndiyo kwanza nimetoka nyumbani Nkwantapa. Kikao kilikuwa kigumu, wazee walikuwa wameelekea kwa Adomako kabisa. Nikainuka, nikampa msemaji wa kigoda ule mchoro wako, nikasema huu umetoka chuoni, umepewa alama na mwalimu. Mchoro ukapita mkono kwa mkono. Wasiojua kusoma wanaona ule mstari uliokatika wanauliza, hapa pamekatwa na nini? Msemaji akaeleza.

Wakamgeukia Nana Tiwaa. Wakamuuliza, je, mama yako alitoka soko gani? Wakamuuliza tena, akakaza kitambaa chake kiunoni, akaokota kiti chake kidogo akatoka. Hakusema hata neno. Sasa mtu mwenye jibu ananyamaza? Adomako alimfuata mama yake.

Mjomba naye alikuwepo. Baadaye akanivuta pembeni akaniambia nijitoe. Nikamwambia, Mjomba, goti ni lako, wivu nao ni wako. Kuapishwa ni siku ya Adae ijayo, sikukuu ya kuwakumbuka mababu. Nimeshakununulia kitambaa cha kente, rangi ya dhahabu, uje umependeza.

Kaka yako,
Barima


Nkwantapa
5 Aprili 1994

Frema,

Sina salamu leo. Nimeanza barua hii nikaichana, nimeanza tena.

Niliketi pale barazani kama gogo wakati mama yetu mdogo anaulizwa mama yake alinunuliwa soko gani, na karatasi iliyomuuliza ilikuwa na mwandiko wako. Niliutambua, maana mimi ndiye niliyekushika mkono ukajifunza kuandika. Nimezeeka, nimezika watu wengi, sijapata kuona aibu ya namna ile.

Sheria inanikataza kumsema mwenzangu. Haikunikataza kujisema mwenyewe. Kwa hiyo nitajisema, na wewe umo ndani yake. Ukimaliza kusoma, barua hii uichome.

Aliyenunuliwa ni Birago.

Ni bibi yangu mimi, bibi wa mama yako. Aliletwa Nkwantapa akiwa mtoto mdogo aliyeanza kusema, amebebwa mgongoni, wafanyabiashara wakamwacha kwa Nana Akyaa kwa kubadilishana na kokwa za kola na chumvi. Alikuwa na chale mashavuni. Hizo nyimbo unazojivunia alikuwa akiziimba kwa lugha ya kwao, mpaka akaisahau. Nana Akyaa alikuwa na binti mmoja wa kumzaa, ndiye Nyarko. Akampenda yule mgeni kama aliyemzaa. Na kwa kuwa alijua akifa watu watamtenga, aliita nyumba nzima akaamuru mambo matatu. Birago alale chumba cha mbele. Nyarko, mwenye nyumba, alale nyuma karibu na jiko. Na jina la Birago litajwe kwanza katika kinywaji, ili asitokee mtu wa kudhani kwamba huyu ndiye wa kuja. Nyarko alikubali, akaapa. Hadithi za utoto wake akazifungia kinywani, ili Birago asionekane peke yake hana.

Ule ukuta wa jiko uliotumia kuwapimia watu utumwa, Frema, ni heshima tuliyovishwa sisi. Umeisoma nyumba kinyumenyume. Nyani haoni kundule, lakini wewe umekwenda mbali zaidi, umelichora ukambandika mwenzio.

Waliokuwa wakijua wamekufa, tumebaki mimi na Nana Tiwaa. Goti langu halina kitu. Nilikataa kigoda kwa sababu hurithiwa kwa damu ya mama, na mtu wa damu yetu hapaswi kukikalia, nikaona afadhali nionekane kiwete. Kosa langu ni kwamba sikumwambia Barima mapema. Nilidhani ataanguka polepole bila kelele. Nilijificha nyuma ya goti, na Nana Tiwaa ndiye aliyelipia.

Angeweza kusema neno moja tu. Angeinua mkono aseme, "Si mama yangu, ni bibi yao." Mwanawe angekuwa chifu jioni ile ile, na sisi tungetoka mlango wa mbele na mikeka yetu kichwani. Alikaza kitambaa akatoka.

Usiku huo nilikwenda kugonga kwake. Hakufungua. Akaniambia kupitia dirishani, "Boadu, nenda kalale, mimi niliapa."

Barima nimemweleza sasa. Alicheka kwanza, halafu akakaa chini. Atawaambia wazee biashara imembana. Lakini jina la Nyarko bado liko matopeni, na hatuwezi kulitoa kwa kusema ukweli, maana ukweli ndio ambao yule mama amejinyima mwanawe ili asiuseme. Fikiri. Wewe ndiye mwenye elimu.

Boadu


Accra
14 Aprili 1994

Mjomba,

Barua nimeichoma. Nilichoma kwenye jiko la makaa la mwenye nyumba, akaniuliza kama nimeachwa na mchumba. Nikasema ndiyo.

Nitakwambia kila kitu kama kilivyo, kwa sababu sina tena cha kujificha nacho. Niliposoma jina la Birago, kitu cha kwanza nilichohisi si huruma kwa Nana Tiwaa. Niliona aibu kwamba ni sisi. Nilikwenda kujitazama mashavu kwenye kioo, Mjomba, kama mtu anayetafuta upele. Nikaona aibu ya mtoto wa watu aliyebebwa mgongoni na kuuzwa kwa chumvi, ambaye hakumkosea mtu. Baadaye nikaona aibu ya kuona aibu hiyo, na hii ya pili haitoki. Haitoki nikila wala nikioga.

Na nilimwambia Barima asimwonyeshe mtu. Nilijua atawaonyesha. Niliandika yale maelezo pembeni kwa herufi safi ili yasomeke. Sikutaka kusema tu, nilitaka na wengine waseme.

Nimefikiri kama ulivyoniambia. Ukweli hausemeki, basi itabidi uongo wangu ufe kwa jina la uongo. Nitakuja. Nitasimama mbele ya wazee niseme nilitunga. Nitasema mwalimu alitaka michoro yenye mistari iliyokatika, mimi kwetu sikuwa nayo, nikachora mmoja ili nipate alama. Waniite mwongo, nitakuwa nimeitwa kwa haki, hata kama siyo kwa ule uongo wanaoudhani. Barima ametoa kondoo na chupa ya pombe kali vya kumwombea Nana Tiwaa radhi. Ile kente nimemwambia aiuze.

Mama asiambiwe kwa nini nalia. Mwambie ni mtihani.

Frema


Nkwantapa
9 Mei 1994

Kwa mjukuu wangu Frema,

Anayeandika ni Adomako, maneno ni yangu mimi Tiwaa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirekebishe.

Umefika salama? Ulisahau chanuo lako. Nimelitia kwenye kikapu cha mihogo, utalipata kwa dereva.

Nataka kuyasema haya kwa sababu siku ile uliondoka haraka. Ulisimama barazani bila viatu, umeshusha kitambaa begani kama mkosaji, ukasema umetunga. Watu walikucheka. Yule mzee mwenye jicho moja akasema kama ndiyo elimu ya Accra, afadhali mbuzi wake hawajasoma. Kondoo nimempokea na tumemla, alikuwa na mafuta. Kinywaji nimekipokea. Kesi ukishapokea kinywaji chake imekwisha, hairudi tena mdomoni. Basi imekwisha.

Lakini baadaye ulinifuata jikoni ukaniambia kitu, na hicho nimekikataa. Ulisema nyie mhame chumba cha mbele tuje sisi. Wewe mtoto una akili au una kamasi? Sisi nyuma kule tuna joto la jiko, mimi mifupa yangu imezoea. Mkihama, watu watauliza kwa nini wamehama. Utawajibu nini? Bibi yetu Akyaa aligawa vyumba vyake akajua alichofanya. Wewe nani wa kugawa upya?

Lala mbele. Ikikuuma, lala nayo ikuume.

Na ule mchoro, uchore tena. Bibi mmoja juu, binti wawili chini, mistari mizima. Birago umwandike kwanza, mama yangu umwandike wa pili. Nimesikia kwa mjomba wako unataka kuwabadilisha. Usithubutu. Ninataka nakala niitundike jikoni, ingawa siwezi kuisoma.

Mimi Tiwaa, kwa kidole gumba.

Frema, hapa ni Adomako sasa. Mama amenikatisha mara mbili kwa kulia na mara moja kwa kucheka, na sijui kwa nini. Nimemuuliza kwa nini unataka kutuhamishia chumba kizuri wakati ulishasamehewa. Akaniambia niandike tu.


Nkwantapa
30 Mei 1994

Frema, mpwa wangu,

Mchoro wako umefika, pamoja na barua yako yenye habari za mwalimu. Pole kwa alama. Hivi amekupunguzia nusu nzima kwa sababu ya kuufuta mstari mmoja? Umeniandikia kwamba ameweka maneno pembeni, "Hapa pana jambo ambalo hukuuliza." Wewe umenyamaza, na umefanya vema. Nimempelekea Nana Tiwaa nakala yake. Ameitundika kwa msumari juu ya chungu cha maharage, imeshaanza kuingia moshi.

Jana ilikuwa Adae, Adomako ameapishwa. Barima alikuja, alibeba mwavuli wa chifu kwa mikono yake mwenyewe tangu barazani mpaka nyumbani, jua kali, hakukubali kupokewa. Watu walisema tazama kijana asiye na kinyongo. Alikuwa ameuma meno.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Ilikuwa zamu ya chifu mpya kuita wazee waliotangulia. Adomako akavua viatu, akashika kikombe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nami nimevua, kama tulivyovua wote. Akamimina kidogo, akaita kwa sauti ya kwanza kabisa ya uchifu wake, "Nana Birago, njoo unywe." Akamimina tena, akamwita bibi yake mwenyewe, aliyemzaa mama yake, wa pili. Hajui. Aliita kama tulivyomfundisha wote tangu utotoni.

Nilishindwa kuinua macho. Watu walianza kupiga ngoma, wakavaa viatu, wakaenda kwenye chakula, mimi nikabaki pale nimesimama juu ya sakafu iliyolowa kile kinywaji. Sikuweza kusogea, na safari hii si goti.

Nana Tiwaa alitoka jikoni na bakuli la supu ya mawese mkononi. Alinitazama mimi, akazitazama ndala zangu zilipokuwa. Akaziburuta kwa mguu wake mpaka mbele yangu.

"Boadu," akaniambia, "vaa viatu. Wageni wako wanakungoja mlango wa mbele."

Nikavaa, nikaenda kuwapokea.

Mjomba wako,
Boadu